Majeruhi wa kuigiza naye ni mtu: jinsi ya kuwalinda waigizaji kwenye zoezi la utayari

Wadau wa uokoaji, zimamoto, huduma ya kwanza, maafisa usalama wa viwandani na mashuleni, hii nimeiandika kwa ajili yenu na naomba muisome mpaka mwisho, maana kila mwaka mazoezi ya utayari yanaongezeka na watu wanaochukuliwa kuigiza majeruhi wanaongezeka, ila ukiuliza nani anawaangalia wao hupati jibu la maana.

Nianze na binti mmoja. Zoezi la ajali ya ndege, kiwanja sitakitaja, waigizaji 30, wengi wanafunzi wa uuguzi. Huyu binti alipewa kadi ya kuvunjika paja, tukampaka damu ya rangi, tukamlaza kwenye lami saa sita na nusu mchana kavaa kaptula, afu king'ora kikalia. Akaanza kupiga kelele: naungua jamani, naungua, nitoeni hapa. Mwokoaji kapita karibu yake kabisa, kamwangalia, kamwambia mwenzie "huyu dada anajua kuigiza", wakaenda kwa wale wenye kadi nyekundu, yaani wa kuhudumiwa kwanza. Na kwa utaratibu walifanya sahihi kabisa, yeye alikuwa kadi ya njano, anaongea, anapumua, anasubiri. Kalala vile dakika kama 25. Hakunyanyuka kwa sababu tulimwambia mguu umevunjika usisogee, na yeye ni mtu wa nidhamu, hakutaka kutuharibia zoezi. Tulipokuja kumgeuza, ngozi ya nyuma ya mapaja yote mawili ilikuwa imeshatoa malengelenge.

Mimi nilikuwepo pale, mita kama 40 hivi, na nilimsikia. Nikafikiri anaigiza.

Hapo ndo penye kiini cha kila kitu nitakachosema. Mtu mwingine yeyote uwanjani akipata shida kweli atasema na ataaminiwa. Mwigizaji ndo mtu pekee ambaye tumemwomba alie uongo, kwa hiyo kilio chake cha kweli hakina njia ya kupita mpaka wewe mwenyewe umtengenezee hiyo njia kabla hajalala chini.

Neno la kweli

Watu wengi wanadhani inatosha kumwambia mwigizaji "ukiumia kweli sema". Aseme nini? Akisema "naumwa kweli", hata majeruhi wa kuigiza anasema naumwa kweli. Akisema "siigizi", kuna waigizaji wenye kipaji wanaoweka hayo maneno kwenye uigizaji wao ili kunogesha. Unahitaji neno ambalo mtu aliyeumia hawezi kulitamka hata kwa bahati mbaya. Sisi tunatumia "embe". Embe, embe, embe, mara tatu. Hakuna mtu aliyevunjika mguu anayelilia embe. Chagua lako, lakini liwe fupi, liwe rahisi hata kwa mtu aliyeishiwa pumzi, na lisifanane na jina la mtu au kitu kilichopo uwanjani.

Ukishalichagua lifundishe kwa kulitamka, usiliandike tu kwenye karatasi. Kila mwigizaji alitamke kwa sauti mbele ya wenzie, na waokoaji pia, polisi pia, dereva wa gari la wagonjwa pia, na madaktari kule hospitali watakakopelekwa pia, maana mwigizaji anaweza kuzidiwa akiwa ameshafika hospitali na nesi wa zamu hana habari ya embe wala nini. Na wanaochelewa, wale wanaofika maelekezo yameshaisha, hawaingii uwanjani mpaka waambiwe mmoja mmoja.

Ikisikika embe, aliye karibu anaacha kila kitu na anamhudumia yule mtu kama mtu wa kweli, mwingine anaita msimamizi wa usalama kwa simu ya upepo. Zoezi upande wa pili linaweza kuendelea. Kuna amri nyingine kubwa zaidi, "SIMAMISHA ZOEZI", pamoja na filimbi ndefu tatu, hiyo kila mtu anasimama alipo. Na hiyo amri anaruhusiwa kuitoa mtu yeyote, hata kijana wa mafunzo siku yake ya kwanza, na hakuna bosi anayeruhusiwa kuitengua palepale isipokuwa afisa usalama wa zoezi. Mkuu akikasirika atakasirika baadaye. Mwambieni hilo mapema, wakati mnapanga, akubali mbele ya watu.

Sasa kuna wale walioambiwa waigize wamezimia. Hawa ndo wananinyima usingizi. Hawasemi, hawasogei, na tumewasifia kwa kutosogea. Kwa hawa njia ni mkono. Msimamizi anapita kila baada ya dakika 5, anaushika mkono wa mwigizaji, anaubana mara mbili, mwigizaji naye anaubana mara mbili. Basi, sekunde 3, waokoaji hata hawaoni. Asipobana, unajaribu mara moja tena, na asipobana tena huyo siyo mwigizaji tena, ni mgonjwa, unaanza huduma. Nimeshakuta kijana amelala usingizi wa kweli kabisa kivulini, tulicheka baadaye, ila ule moyo ulivyonidunda kwa zile sekunde chache nisingependa mtu aupate.

Nani asiwe mwigizaji

Unapotafuta waigizaji usikusanye tu watu waliopo. Kaa na kila mmoja pembeni, faragha, siyo kwenye foleni wenzie wanasikia, umuulize: una pumu? kifafa? presha? sukari? moyo? una mimba au unahisi unayo? umefanyiwa upasuaji karibuni? kuna kitu mwili wako unakikataa, mpira wa glavu, rangi, plasta, karanga? unakunywa dawa gani na saa ngapi? leo umefunga? Hilo la kufunga linasahaulika sana. Usipange zoezi zito la juani mwezi wa Ramadhani, na hata miezi mingine kuna watu wanafunga Jumatatu na Alhamisi, na wakristo nao wana mifungo yao, mtu hatakwambia usipomuuliza.

Kuwa na ugonjwa siyo lazima akatwe. Mwenye pumu anaweza kuigiza mguu uliovunjika sehemu isiyo na moshi, dawa yake ya kuvuta iko mfukoni mwake na siyo kwenye begi lililofungiwa ofisini. Mwenye sukari anaweza kuwa ndugu wa majeruhi anayekuja kulia getini, amekaa kwenye kiti, amekula. Mjamzito mimi simweki mahali popote pa kubebwa.

Halafu swali la mwisho, na hili uliulize taratibu: umewahi kuwa kwenye ajali kubwa, au kumpoteza mtu kwenye ajali? Nchi hii watu wengi wamebeba mambo. Kuna wenye ndugu waliozama na MV Bukoba mwaka 1996, kuna wa Spice Islander 2011, MV Nyerere 2018, moto wa lori la mafuta Morogoro 2019, ndege iliyoanguka ziwani Bukoba Novemba 2022. Unaweza kumchukua mama mmoja ukampa kadi ya "unamtafuta mwanao" bila kujua kwamba aliwahi kumtafuta kweli, kwenye mstari wa miili. Kwa hiyo mpe mtu kadi yake aisome siku moja kabla, na awe huru kuikataa bila kutoa sababu. Asipotaka, mpe nyingine, usimhoji.

Watoto: ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na mtu mzima anayemjua mtoto awe hatua mbili kutoka alipo muda wote. Kama huwezi kumpata huyo mtu mzima basi usitumie mtoto, tumia mdoli.

Wasiojua kwamba ni zoezi

Novemba 30, 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore kule Nairobi kilifanya zoezi la kuigiza shambulio la magaidi. Ilikuwa haijatimia hata miezi 8 tangu magaidi washambulie Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2 mwaka ule ule, ambako watu 148 waliuawa na wengi wao walikuwa wanafunzi. Milio ya risasi ikasikika chuoni, watu wengi wakaamini ni kweli, wakakimbia, wengine wakaruka kutoka juu. Mfanyakazi mmoja wa chuo alifariki na wengine wengi waliumia.

Mimi nalitaja hili kwenye kila kikao cha maandalizi, na kuna siku mtu aliniambia lakini wale hawakuwa waigizaji. Ndo tatizo lenyewe! Mtu asiyejua kwamba ni zoezi ameshaingizwa kwenye zoezi bila kuulizwa, hana neno la kweli, hana msimamizi, hana kadi, na mwili wake unafanya kile mwili unachofanya mtu akidhani anakufa. Kuna viongozi wanapenda "surprise", wanasema watu wakijua hawataonyesha uhalisia. Uhalisia upime kwa waokoaji, unaweza usiwaambie saa wala aina ya tukio, hiyo inakubalika. Lakini wafanyakazi, wanafunzi, abiria, mama ntilie wa getini, boda wa kijiweni, watu wa mtaa wa jirani, hao wote wajue. Peleka barua serikali ya mtaa siku kadhaa kabla, omba msikitini na kanisani watangaze, pita na gari la matangazo asubuhi yake, weka mabango makubwa ZOEZI LINAENDELEA kila njia ya kuingilia. Na kila ujumbe wa simu ya upepo uanze na kumalizika na "zoezi, zoezi, zoezi", na vituo vinavyopokea simu za dharura, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto, viwe na taarifa, maana lazima kuna msamaria mwema atapiga.

Waambie na ndugu za waigizaji. Mtu akipiga picha ya binti yako kalala na damu usoni ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, mpaka ije ijulikane ni zoezi mama mtu kule kijijini ameshaanguka. Mwigizaji apige simu nyumbani siku hiyo asubuhi, na picha zipigwe na mtu mmoja tu aliyepangwa, kwa ridhaa, na sura zisipostiwe mpaka zoezi liishe.

Damu, majeraha na nguo

Damu ya sukari ni tatizo hapa kwetu. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema chemsha sukari iwe nzito utie rangi nyekundu ya chakula, sawa, inafanana na damu vizuri sana, ila mlaze mtu nayo nje dakika 10 uone nzi, sisimizi na nyuki watakavyokuja. Nyuki kwa mtu aliyeambiwa asisogee! Tumia uji mwepesi wa wanga au glisirini, tia rangi ya chakula, ongeza kakao kidogo kama unataka ionekane imekauka. Jeraha unalifinyanga kwa vazelini na unga. Jaribu kidogo ndani ya mkono wa mwigizaji jana yake uone kama ngozi inawasha. Usipake karibu na macho, usiweke puani, na usitumie damu ya mnyama wala utumbo wa kuku, nimeona watu wanafanya, mtu analazwa na nyama mbichi inayoharibika tumboni na juani, hapana kwa kweli.

Nguo zitakatwa kwa mkasi, kwa hiyo mwigizaji aje na nguo kuukuu juu na ndani avae kaptula na singlendi au taitsi, na dada wanaovaa hijabu wakubaliane na waokoaji kabla nini kitaguswa na nini hakitaguswa. Mimi naweka kipande cha plasta nyeupe kwenye nguo: hapa unaruhusiwa kukata, nje ya hapa huruhusiwi. Na wanawake wakaguliwe na wanawake inapowezekana. Kuna mwigizaji mmoja aliwahi kuniambia kilichomuumiza zoezi zima ni mikono ya mwokoaji mmoja, siyo kuanguka wala jua. Tangu siku hiyo hilo nalisema wazi mbele ya waokoaji wote, bila kupindisha: huyu aliyelala hapa hajazimia, anakusikia, anakujua, na atakutaja.

Viatu avae, hata kama kadi inasema kaungua miguu. Chini kuna vyuma na vioo.

Vitu ambavyo havifanywi kwa mtu mzima wa afya

Hii orodha wape waokoaji na uwasomee. Hakuna sindano ya aina yoyote. Hakuna dawa, hata panadol. Hakuna kukandamiza kifua, hiyo fanya kwenye mdoli, mtu ambaye moyo wake unapiga usimkandamize. Hakuna kuingiza kitu mdomoni au puani. Kamba ya kuzuia damu inafungwa kwa kuwekwa tu, haikazwi. Kola ya shingo inavalishwa kwa kipimo chake na inatolewa mara tu tathmini ikiisha, siyo mtu akae nayo saa nzima kwenye machela.

Kingine ambacho watu hawakijui ni kupumua. Kwenye ule utaratibu wa kupanga majeruhi kwa rangi, mtu anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika anakuwa nyekundu, basi mwandaaji anamwandikia mwigizaji "pumua haraka haraka". Dakika 3 tu mtu anaanza kusikia kizunguzungu, vidole vinamwasha, midomo inakufa ganzi, anaogopa, anapumua haraka zaidi. Umemtengenezea ugonjwa! Andika kwenye kadi "pumzi 36 kwa dakika", mwokoaji aje aisome, mwigizaji apumue kama kawaida yake. Hivyohivyo mapigo na damu kurudi kwenye kucha, vyote viandikwe. Na mwenye kazi ya kupiga kelele apige kwa vipindi, anywe maji, siyo apige nusu saa mfululizo.

Kubeba ndo kunakoangusha watu. Mtu wa kilo 80 kwenye machela anahitaji angalau watu 4, mikanda imefungwa, mmoja tu anatoa amri ya kunyanyua. Kwenye ngazi, kwenye kamba, dirishani, shimoni, juu ya maji, tumia mdoli. Mtu anayening'inia kwenye mkanda wa kamba bila kusogeza miguu anaweza kuzidiwa ndani ya dakika chache hata kama hajaguswa na kitu, damu inatuama miguuni. Mdoli kama hamna, jaza mchanga kwenye magunia, shona ovaroli kuukuu, mpime awe na kilo za mtu, fundi cherehani yeyote anaweza. Kwenye maji, kama ni lazima awepo mtu, basi anajua kuogelea, kavaa jaketi la kuokolea, na kuna boti ya pembeni isiyo na kazi nyingine yoyote zaidi ya kumwangalia yeye.

Moshi: usichome matairi karibu na watu. Najua tairi linapendeza kwenye kamera, moshi mweusi mpaka mbinguni, lakini ule moshi ni sumu. Kuna mashine za moshi za kwenye kumbi za harusi, kodi moja, na hata hiyo weka mbali na wenye pumu. Kama kuna moto wa kweli kwa ajili ya zimamoto basi waigizaji wako upande upepo unakotoka na wanaletwa baada ya moto kuzimwa.

Risasi baridi, zile zenye baruti bila kichwa cha risasi, siyo kichezeo. Baruti inawaka vilevile na gesi inatoka mdomoni mwa bunduki kwa nguvu. Mwaka 1984 mwigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum alifariki baada ya kujifyatulia kichwani bastola yenye risasi baridi akiwa kwenye kurekodi, alidhani haina madhara. Kwa maoni yangu zoezi la raia halihitaji bunduki inayolia kabisa, spika inatosha. Kama vyombo vya ulinzi wanasisitiza, silaha zikaguliwe na mtu wao mmoja na wa kwetu mmoja, hakuna risasi ya moto ndani ya eneo, na mdomo wa bunduki hauelekezwi kwa mwigizaji hata kwa mbali.

Jua, maji, na mgeni rasmi

Lami ya mchana Dar inaweza kupita nyuzi 50. Tanga, Dodoma, Mombasa, hivyohivyo. Kila mwigizaji wa kulala alale juu ya turubai na mkeka au godoro jembamba, na kama unataka kamera isione, lipake turubai rangi ya lami, hiyo tulifanya na ilikaa vizuri. Anza saa 1 asubuhi, siyo saa 6. Mtu asilale juani zaidi ya dakika 15 bila kufuatwa, na ikifika dakika 30 hajachukuliwa msimamizi anamtoa, kadi yake inabaki pale chini na waokoaji wanahesabu kama yupo. Ndo hivyo, kadi inalala juani, mtu anakaa kivulini, zoezi haliharibiki hata kidogo.

Na hapa niseme jambo ambalo kila mtu analijua. Mgeni rasmi anachelewa. Waigizaji wameshapakwa damu tangu saa 12, wamelazwa saa 2 kamili kama ratiba, msafara unafika saa 3 na nusu, zoezi linaanza saa 4. Sheria yangu ni moja: hakuna mwigizaji anayelala mpaka mgeni rasmi awe amekaa kwenye kiti chake. Kumpanga mtu chini kunachukua dakika 10, mgeni atasubiri dakika 10 akinywa maji, hakuna kitakachomdhuru. Nimeshalisema hili kwa wakubwa na hakuna hata mmoja aliyekataa ukimweleza vizuri, tatizo ni kwamba wasaidizi wanaogopa kuwaeleza.

Chakula wale kabla, chai na chapati, mayai, kitu cha kukaa tumboni. Maji kila mtu chupa yake iwe pembeni yake, na glukosi iwe kwa msimamizi.

Wasimamizi na gari la kweli

Mimi naweka msimamizi mmoja kwa kila waigizaji 10, na kwa waliozimia au watoto mmoja kwa 5. Msimamizi anavaa rifleksta ya rangi tofauti na wengine wote, haigizi, haokoi, hapigi picha, hatoi maksi. Kazi yake ni kutembea na kuangalia watu wake. Ana orodha: namba, jina, ugonjwa, dawa, simu ya ndugu. Namba hiyohiyo imeandikwa kwa maka pen mkononi mwa mwigizaji, M01, M02 na kuendelea, kwa sababu kadi zinadondoka.

Gari la wagonjwa la kweli liwepo, na liwe halimo kwenye zoezi. Hili naomba msilichukulie poa. Nimeona zaidi ya mara moja gari lililopangwa kuwa la dharura halisi linavutwa kwenye zoezi kwa sababu magari ya kuigiza hayatoshi, dereva kaambiwa peleka hawa wawili fasta unarudi. Akishaondoka huna kitu. Liegeshe limegeuzia pua barabarani, funguo ipo, wahudumu wamo ndani, na mwenye mamlaka ya kulitoa ni afisa usalama peke yake. Magari ya kuigiza yanayopeleka waigizaji hospitali yaende mwendo wa kawaida, yasimame kwenye taa nyekundu, mtu afungwe mikanda. Hakuna sababu yoyote ya kumkimbizia barabarani mtu mzima wa afya.

Viwanja vya ndege wao wana kanuni ya kimataifa, Kiambatisho cha 14 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinataka zoezi kamili angalau mara moja kila miaka 2 na zoezi la sehemu mwaka wa katikati, kwa hiyo wana uzoefu na mafaili. Ukiwa kiwandani au shuleni huna hayo, nenda kaombe uangalie wanavyofanya, na wewe ulizia swali ambalo hata wao mara nyingine hawana jibu lake: mwigizaji wa kujitolea akivunjika kweli, nani analipa? Mfuko wa Fidia ni kwa ajili ya wafanyakazi, mwanafunzi aliyekuja kujitolea siyo mfanyakazi wako. Bima au barua ya ahadi ya matibabu iwe imesainiwa kabla, na posho yao watu wapewe siku hiyohiyo.

Zoezi likiisha

Hesabu. Walioingia 30, watoke 30, mmoja mmoja kwa namba na kwa sura, siyo kwa kuuliza "wote mpo?". Waliokwenda hospitali mpigie simu msimamizi wa kule akusomee namba. Siku moja tulikuwa na 29 na watu walitaka kufunga, wakasema labda kaondoka, tukakataa, tukamkuta ndani ya basi la kuigiza ajali chini ya siti za nyuma, alikuwa amewekwa pale kama marehemu na hakuna mwokoaji aliyefika, na yeye anasubiri kutolewa.

Waoshe kabla hawajaondoka. Maji ya kutosha, sabuni, mahali pa faragha pa kubadilisha nguo. Mtu asipande daladala na damu ya rangi shingoni. Wakishaoga wakae pamoja, wale, na kila mmoja ataje jina lake halisi na aseme zoezi lilikuwaje kwake. Inaonekana kama kitu kidogo lakini mtu aliyekaa saa nzima akilia au akijifanya amekufa anahitaji kurudi. Asiyetaka kuongea asilazimishwe, ila msimamizi wake amkumbuke.

Halafu baada ya siku 2 au 3 mpigie kila mmoja simu. Usitume meseji ya kundi, piga. Muulize mgongo, shingo, ngozi, usingizi. Ni kwenye simu hizo utasikia ambayo hayakusemwa mbele ya wakubwa. Yule binti wa lami yeye nilimpigia mara nne, mara ya nne akaniambia kidonda kimefunga, afu akaniuliza kama mwaka unaofuata tutakuwa na mikeka.